Nani aliyeinjika chungu cha feijoada?

Mgeni akiketi katika mkahawa wa Rio de Janeiro Jumamosi mchana, mara nyingi hadithi humfikia kabla ya chakula. Zamani za utumwa, ataambiwa, mabwana wa mashamba ya miwa walikula mapaja na mgongo wa nguruwe, wakawatupia watumwa vilivyobaki: masikio, miguu, mkia, pua. Watumwa wakavikusanya, wakavitia pamoja na maharage meusi waliyopimiwa, wakaviacha motoni usiku kucha. Siku moja harufu ikavuka ua, bwana akaja kuonja, na hapo taifa likapata chakula chake.

Chakula chenyewe ni feijoada. J yake hutamkwa laini, mahali fulani kati ya sh na z, na jina limetokana na feijão, yaani maharage kwa Kireno.

Hadithi ni tamu. Ina dhuluma ndani yake, ina werevu wa mnyonge, na inaishia watu wote wakiwa wamezunguka meza moja. Tatizo ni kwamba wanahistoria wa Brazil wameitafuta kwenye nyaraka kwa zaidi ya nusu karne na hawajaiona. Sisi husema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Hili la feijoada nadhani ni la aina ya tatu: halikuwepo, ila limesemwa mpaka likapata kazi ya kufanya. Ili tuione kazi hiyo, kwanza tufunue chungu.

Feijoada wanayoiita completa, yaani kamili, huanza siku moja kabla ya kuliwa. Nyama za chumvi hulowekwa katika maji baridi, na maji humwagwa na kubadilishwa mara kadhaa, la sivyo chungu kizima hakitalika. Kuna carne-seca, ambayo ni nyama ya ng'ombe iliyotiwa chumvi na kukaushwa. Kuna mbavu za nguruwe, masikio, miguu na mkia, pamoja na kipande cha mafuta yenye ngozi. Kuna soseji za aina mbili, linguiça na paio, ambayo imekaushwa kwa moshi. Mpishi hutanguliza vigumu: carne-seca, miguu na masikio huingia na maharage, mbavu hufuata, soseji hungoja karibu na mwisho. Ngozi na mishipa ikichemka taratibu hutoa ule unato unaofanya mchuzi ushike midomoni. Aliyewahi kunywa supu ya makongoro anaujua.

Kando ya chungu, kitunguu na kitunguu saumu hukaangwa. Upawa mmoja au miwili ya maharage yaliyoiva hupondwa humo, kisha rojo hiyo hurudishwa chunguni. Ndiyo siri ya uzito wa mchuzi. Hakuna unga unaotiwa, na kwa kawaida nyanya haimo.

Vinavyoandamana nayo vina nafasi zao zisizobadilika. Wali mweupe. Couve, ambayo Mkenya ataiita sukuma wiki bila kusita, imekatwa nyembamba kama nyuzi na kupitishwa motoni kwa kitunguu saumu kwa muda mfupi tu. Farofa, yaani unga wa muhogo wenye chembechembe uliokaangwa kwa siagi au mafuta. Pilipili ya maji. Na vipande vya chungwa, ambavyo huwashangaza wageni wanaodhani ni pambo. Uchachu wa chungwa hukata mafuta mdomoni, na vitamini C yake husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage, ambayo yakiwa peke yake hayafyonzwi kirahisi. Wanaokunywa huongeza caipirinha: pombe ya miwa iitwayo cachaça, ndimu na sukari. Baada ya hapo watu husinzia. Kwa sababu hiyo Rio huila zaidi mwisho wa wiki, wakati wenyeji wa São Paulo wana desturi ya kuila Jumatano na Jumamosi. Jinsi ofisi za São Paulo zinavyofanya kazi Jumatano alasiri ni siri yao.

Sasa turudi kwenye hadithi ya mabaki. Hesabu yake haihitaji hata nyaraka. Nguruwe mmoja ana masikio mawili, miguu minne, mkia mmoja na pua moja. Shamba kubwa la miwa lilikuwa na watumwa mia moja au zaidi. Hata kama bwana angechinja kila wiki, mabaki hayo yasingekuwa kitoweo cha watu mia. Yangetosha kuwagombanisha tu.

Na ni nani aliyesema yalikuwa mabaki? Hayo ni macho ya mtu aliyezoea kununua nyama ikiwa imefungwa kwenye plastiki. Katika Trás-os-Montes, kaskazini mwa Ureno, hadi leo hupikwa feijoada yao wenyewe, feijoada à transmontana, kwa masikio na miguu ya nguruwe, na huko hakuna anayeiita chakula cha kuokoteza. Wareno waliohamia Brazil walikuja na ulimi huohuo. Kwetu pia, nenda kamwambie muuza supu wa Manzese kuwa makongoro na utumbo ni takataka za bucha uone atakavyokujibu. Bwana wa shamba aliyeyajua masikio ya nguruwe tangu jikoni kwa mama yake asingekuwa na sababu ya kuyatupa.

Watumwa walikula nini, basi? Maandishi ya wasafiri na mabwana wenyewe yanarudia vitu vilevile: unga wa muhogo, mahindi, maharage, na kipande cha nyama kavu au mafuta ya nguruwe pale kilipopatikana. Mara nyingi kiasi hakikutosha. Hapa ndipo hadithi ya chungu inaponikera. Inaufanya utumwa uonekane kama nyumba kubwa yenye jiko la uani, ambamo tajiri alikuwa mchoyo kidogo na maskini alikuwa mbunifu. Inaifuta njaa. Karibu watu milioni 5 walishushwa Brazil kutoka Afrika kabla sheria ya 13 Mei 1888 haijaufuta utumwa huo, na walio wengi hawakuwa na muda wala nyama ya kukesha wakichemsha.

Maharage yenyewe hayakuwa chakula cha tabaka moja. Mchoraji Mfaransa Jean-Baptiste Debret, aliyeishi Brazil kuanzia 1816 hadi 1831, alieleza mlo wa mfanyabiashara mdogo wa Rio: kipande kidogo cha nyama kavu kilichochemshwa kwa maji mengi na konzi ya maharage meusi, kisha unga wa muhogo juu yake. Mwenzake wa nchi moja, mtaalamu wa mimea Auguste de Saint-Hilaire, aliona kuwa maharage meusi hayakosekani mezani kwa tajiri, na kwa maskini ndiyo karibu kitoweo pekee. Nyama kavu, maharage, muhogo. Mifupa ya feijoada ilikuwa tayari ipo, ila haikuwa imevaa nyama.

Jina lenyewe linajitokeza mahali ambapo hadithi isingelitarajia: kwenye tangazo la hoteli. Mwaka 1833 gazeti la Diário de Pernambuco, la mji wa Recife kaskazini-mashariki, liliwatangazia wasomaji kuwa hoteli moja mjini humo itauza "feijoada à brasileira" siku za Alhamisi. Litazame neno la mwisho. Huwezi kusema "ya Kibrazil" kama hakuna nyingine ya kuitofautisha nayo. Mteja alikwishaijua ya Kireno. Miaka michache baadaye, mwaka 1840, kasisi na mwandishi wa Recife aitwaye Lopes Gama aliilalamikia gazetini feijoada kuwa ni muuaji, akikerwa kuona inapendwa na watu wanaokaa kitako mchana kutwa na mabibi wa nyumba za heshima. Hao si wakazi wa kambi za watumwa. Ile ya completa, yenye wali, couve, farofa na chungwa, huhusishwa na mkahawa uitwao G. Lobo uliokuwa mtaa wa General Câmara, Rio, mwishoni mwa karne ya 19. Usiutafute, mtaa mzima ulibomolewa miaka ya 1940 kupisha barabara pana ya Presidente Vargas.

Kutokana na ushahidi kama huu, Luís da Câmara Cascudo, ambaye historia yake ya ulaji wa Brazil ilitoka 1967, alitoa hukumu iliyowaudhi wengi. Kuchemsha maharage na nyama za aina nyingi katika chungu kimoja, alisema, ni ufundi wa Ulaya. Ndugu zake feijoada ni cozido ya Ureno na cassoulet ya kusini mwa Ufaransa. Wanahistoria waliomfuata wameongeza nyaraka, na hukumu kwa sehemu kubwa imesimama.

Watu wengi huishia hapo, wakishangilia kuwa hadithi imepinduliwa. Mimi naona wamebadilisha nusu hadithi kwa nusu nyingine.

Chukua maharage. Jamii ya maharage tunayoyapika leo, meusi kwa mekundu, asili yake ni bara la Amerika, na wenyeji waliyalima maelfu ya miaka kabla Mreno hajatia nanga. Chukua muhogo: wenyeji wa Brazil ndio waliogundua jinsi ya kuukuna, kuukamua maji yake yenye sumu na kuukaanga mpaka uwe unga unaokaa miezi bila kuharibika. Bila wao hakuna farofa. Wareno waliuchukua muhogo huo wakaupeleka Afrika, kwa hiyo ule unaochomwa pembeni mwa barabara Tanga au Kilifi una babu Brazil, sawa na mkorosho wa Mtwara. Tunapoitazama feijoada kama chakula cha mbali, nusu ya sahani ni jamaa zetu wa shambani.

Chukua pia ile nyama kavu. Jina lake la pili, charque, limetoka kwa Wakechua wa milima ya Andes. Katika karne ya 18 ilitengenezwa zaidi Ceará, kaskazini-mashariki, mpaka ukame mkali ulipoangamiza mifugo. Kazi ikahamia kusini kabisa, Pelotas, ambako ng'ombe walikuwa tele. Viwanda vya Pelotas viliendeshwa kwa mikono ya watumwa waliochinja, kuchana na kutia chumvi katika baridi ya kusini, na nyama yao ikasafirishwa kwa meli kwenda kulisha watumwa wengine na maskini wa miji ya kaskazini. Anayetafuta utumwa ndani ya feijoada asihangaike na sikio la nguruwe. Autafute kwenye kipande cha ng'ombe.

Na ni nani aliyekuwa akikoroga? Mgala muue na haki yake mpe. Ufundi unaweza kuwa wa Ulaya, lakini katika Recife au Rio ya 1833 aliyesimama jikoni, iwe hotelini au nyumbani kwa tajiri, kwa kawaida alikuwa mwanamke Mwafrika au mtoto wa Mwafrika. Mitaani walikuwa ni haohao waliouza vyakula vilivyopikwa. Wareno wa Brazil waliwaita quitandeiras, kutokana na quitanda, neno la Kimbundu cha Angola lenye maana ya soko au kibanda cha kuuzia. Kwetu kitanda ni cha kulalia. Kwao kilikuwa cha kupangia bidhaa. Fubá, unga wa mahindi wa Brazil, nalo ni la Kimbundu, na dendê, mafuta ya mawese, vilevile. Mtu hawezi kuachia lugha ya sokoni maneno kama hayo halafu asiache chochote kwenye ladha: kiasi cha pilipili, muda wa moto, ulaini wa maharage, lini chumvi imetosha. Mambo hayo hayaandikwi kwenye tangazo la hoteli. Mwanahistoria anayengoja hati ya mpishi aliyekatazwa kujifunza kusoma atangoja sana.

Wengi wa walioletwa walitoka Angola, Kongo na Afrika Magharibi, lakini wapo waliotoka upande wetu. Katika karne ya 19 meli zilipakia watu Kisiwa cha Msumbiji na Quelimane, wakiwemo Wamakua, ambao ndugu zao leo wako Masasi na Mtwara, na Rio iliwaandika wengi wao kwa jina moja la "Moçambique". Gati waliloshukia, Valongo, lilifukuliwa mwaka 2011 wakati wa ukarabati wa bandari, na 2017 UNESCO ikaliingiza katika Urithi wa Dunia. Inakadiriwa watu 900,000 walikanyaga mawe yake. Msumbiji nayo huila feijoada mpaka leo, kwa njia ya Ureno, kwa hiyo chakula hiki kimelizunguka bara letu kwa pande zote mbili.

Kwa nini basi hadithi ya mabaki haifi? Kwa sababu Brazil iliihitaji. Mpaka mwanzoni mwa karne ya 20 watawala wake walitamani nchi ifanane na Paris, na vitu vya watu weusi vilifukuzwa na polisi. Kanuni ya adhabu ya 1890 iliifanya capoeira, mchezo wao wa kupigana, kuwa kosa la jinai. Miaka ya 1930 upepo uligeuka. Mwaka 1933 mwanasosholojia Gilberto Freyre alichapisha Casa-Grande & Senzala, kitabu kilichodai kuwa nguvu ya Brazil ni huko kuchanganyika kwa Mreno, Mwafrika na mwenyeji. Serikali ya Rais Getúlio Vargas ikaona faida. Samba ikawa muziki wa taifa, na feijoada ikawa chakula cha taifa. Wengine hata huisoma sahani kama bendera: maharage meusi, wali mweupe, couve ya kijani, chungwa la njano, na amani katikati.

Aliyeligusa jipu hili ni mwanaanthropolojia Mwingereza Peter Fry, aliyehamia Brazil mwaka 1970 baada ya kufanya utafiti Zimbabwe. Aliwaandalia marafiki wa Kimarekani feijoada, akagundua kuwa mmoja wao, Mmarekani mweusi wa kusini, haoni jipya: kwao nyama hizohizo ni chakula cha watu weusi, alama ya utambulisho wao mbele ya wazungu. Kule Brazil zikawa alama ya kila mtu. Fry akauliza, mnyonge ananufaikaje pale kitu chake kinapogeuzwa kuwa cha taifa? Jibu lake wakati huo lilikuwa kali: kugeuza alama za weusi kuwa za wote huficha ubaguzi na kufanya iwe vigumu kuulalamikia. Utampingaje mtu anayekula chakula chako huku akikusifia? Robo karne baadaye alirudi kwenye insha yake akailegeza, akikiri kuwa aliipima Brazil kwa mizani ya Marekani. Mimi bado naona swali la kwanza lina meno kuliko masahihisho yake.

Kuna sehemu, hata hivyo, ambako feijoada ni ya Waafrika bila kuhitaji hadithi ya mabaki. Katika nyumba za candomblé, dini yenye mizizi Afrika Magharibi, hupikwa kwa heshima ya Ogum, mungu wa chuma na vita. Rio wanamlinganisha na Mtakatifu George, na tarehe 23 Aprili, sikukuu yake, vyungu huinjikwa mji mzima. Katika vitongoji vya kaskazini, vilabu vya samba huila pamoja. Portela huandaa ya kwake mara moja kwa mwezi, ngoma zikilia, na jina la Tia Surica, mwimbaji mkongwe wa kundi hilo, linajulikana kwa chungu chake kama kwa sauti yake. Tia ni shangazi, na huitwa hivyo hata na wasio na undugu naye. Wale wanaoula umoja wa taifa mkahawani na wale wanaomtolea Ogum wanakula mchuzi uleule, lakini mchele mmoja mapishi mengi.

Mapishi nayo hayafanani. Bahia hutumia maharage ya kahawia, na ukivuka mipaka ya majimbo ya kaskazini-mashariki utakuta boga na kabichi chunguni, jambo ambalo mtu wa Rio huliona kama tusi. Kichekesho ni kwamba maharage ya kahawia yenye mistari, yanayoliwa kuliko yote Brazil, huitwa carioca, neno ambalo pia ni jina la mwenyeji wa Rio, wakati mwenyeji wa Rio ndiye anayeshikilia meusi. Yalienezwa kutoka Campinas, jimbo la São Paulo, mwishoni mwa miaka ya 1960. Kwa wasiogusa nguruwe, wa Lamu, Unguja au kokote, ipo feijoada ya ng'ombe peke yake, na mikahawa ya wasiokula nyama ina ya kwao ya tofu ya moshi na mboga. Nikiipika ya ng'ombe ningeanza na makongoro, maana bila ule unato ni maharage tu yenye majina makubwa. Chungwa nisingeliacha.

Kinachobaki chunguni hakilali bure. Kesho yake mchuzi husagwa, ukachujwa na kunywewa vikombe vidogo kwenye baa, kwa jina la caldinho. Na katika karne hii mpishi wa Rio, Kátia Barbosa wa mkahawa wa Aconchego Carioca, aliyaponda maharage ya feijoada na unga wa muhogo, akafinyanga vidonge, akaviwekea couve katikati na kuvikaanga kwenye mafuta kama kachori. Bolinho de feijoada sasa imeenea Brazil yote. Kwa hiyo tawi la chakula hiki lenye mama anayejulikana kwa jina na mtaa lipo, na ni hilo la kukaanga.